Msimamizi si mkaguzi: wanasaikolojia wa shule tunavyowaelewa vibaya

Asubuhi moja niliteremka kwenye bodaboda mbele ya sekondari moja ya kata wilayani Bahi, Dodoma, vumbi hadi kwenye kope. Sijamaliza hata salamu, mkuu wa shule alikwishapanga mezani maandalio ya masomo, maazimio ya kazi na daftari la mahudhurio. Alidhani mimi ni mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule. Nilikuwa nimekuja kukaa saa moja na kijana anayesomea saikolojia, aliyekuwa pale kwa mafunzo kwa vitendo; mimi ndiye msimamizi wake.

Dhana: msimamizi huja kutafuta makosa.
Ukweli: huja kufikiri pamoja na anayejifunza. Kijana wangu alikuwa ameandika kuhusu binti wa kidato cha pili anayesinzia kila kipindi cha asubuhi: "Ana sonona." Nikamuuliza, hapo umeona nini na umedhani nini? Akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kuona ukapata mambo mawili: anasinzia, hamalizi kazi za nyumbani. Upande wa kudhani ikabaki sonona peke yake. Kumbe hakuna aliyemuuliza binti anaamka saa ngapi! Wiki iliyofuata jibu lilikuja: saa tisa usiku, kuwahi foleni ya maji kisimani. Sonona hatukuifuta, ila nayo tuliipanga kwenye foleni, nyuma ya ndoo. Ningemsahihishia tu daftari na kuweka saini, binti angepewa jina la ugonjwa.

Dhana: kusimamiwa ni kwa wanaoanza.
Ukweli: kwa wanaoanza ni lazima zaidi, basi. Marekani, chama cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinataka saa 1,200 za mafunzo kwa vitendo, angalau 600 kati ya hizo zikiwa shuleni, na usimamizi wa saa mbili kwa wiki. Mimi enzi zangu msimamizi alikuja mara moja, akasaini, akawahi basi. Mpaka leo kesi ngumu huipeleka kwa mwenzangu aliyenitangulia kazini, wala sioni haya.

Dhana: mkuu wa shule anatosha.
Anatosha kwa ratiba, chumba na nidhamu ya kazi. Lakini anayekupitishia PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, ni vigumu kumwambia, "Jana mtoto alilia mbele yangu, nikashindwa la kusema." Na hilo ndilo hasa linalotakiwa kusemwa.

Dhana: kumweleza msimamizi ni kutoa siri ya mwanafunzi.
Mwanafunzi huambiwa mapema kwamba mnasihi, yaani anayemsikiliza na kumshauri, ana mtu wa kushauriana naye, na jina la mwanafunzi halitajwi. Yapo yasiyofichwa hata kidogo: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Anayejifunza akiambiwa ashike siri zote, amefundishwa vibaya. Siri ninazoziona zikivuja ni zile zinazozungumzwa ofisi ya walimu, dirisha wazi, chai mkononi.

Mkuu yule alirudisha mafaili yake kabatini, akacheka, akatukabidhi ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo. Ndiko tunakokaa kila Alhamisi, juu ya godoro la kurukia, mlango tumeuegesha kwa jembe.