Pasi ya reli haina kiti

"Nimeshakata pasi ya treni ya milimani, kiti changu dirishani." Siku hizi sentensi hii inasikika kwenye baraza za Ngamiani, hapa Tanga, kila anapopatikana mtu anayepanga kwenda kuiona theluji ya Uswisi mwezi wa Januari. Ina makosa mawili. La kwanza ni la lugha tu na linasameheka. La pili litamwacha mwenye pasi akiiaga treni kwa macho.

Maana yenyewe ni fupi. Pasi ya reli ni haki ya kupanda treni za mtandao fulani kwa idadi fulani ya siku, kwa bei moja uliyolipa mapema. Haikutajii treni, haikutajii saa, haikupi kiti.

Tunakosea kwa sababu tiketi yetu imezoea kufanya kazi zote. Itazame tiketi ya basi ya Tanga kwenda Dar: ni risiti ya nauli, ni ruhusa ya kusafiri siku ile, na ina namba ya kiti. Ukiondoka nayo stendi ya Kange umemaliza, kilichobaki ni kuwahi na kubishana juu ya mzigo. Ndiyo maana mtu akisikia "pasi" anadhani ni tiketi iliyonenepa. Reli nyingi za Ulaya zimevitenganisha vitu hivyo, na kila kimoja kina bei yake.

Maneno yenyewe yalishatuambia, hatukuyasikiliza. Nauli ndiyo kongwe kuliko yote: tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki, ambao naulon kwao ilikuwa malipo ya kupakiwa chomboni. Ni neno la bahari, na hapa pwani lina umri mkubwa kuliko reli. Tiketi tumeitoa kwa Waingereza, walioitoa kwa Wafaransa, katika kitenzi cha kubandika. Asili yake ni kijikaratasi kilichobandikwa mahali. Pasi nayo imepita njia hiyohiyo, lakini shina lake ni passer, kupita, na nyuma ya hilo kuna neno la Kilatini passus, hatua. Kwa hiyo tiketi ni karatasi, pasi ni kupita. Aliyeruhusiwa kupita mlangoni hajaahidiwa mkeka ndani.

Vitenzi vyetu navyo vinajua tofauti hii. Tiketi hukatwa, kwa kuwa ilichanwa kitabuni kikabaki kishina. Pasi haikatwi, hununuliwa, kisha huanzishwa siku ya kwanza ya safari. Kiti hushikwa.

Shida ni kwamba neno pasi lilishajaa kabla pasi za reli hazijatufikia. Kuna pasi ya nguo, kuna pasi ya mpira inayowainua watu vitini uwanja wa Mkwakwani, kuna pasi ndefu ya aliyeuruka mlo wa mchana. Hizo hazimdhuru msafiri. Inayomdhuru ni "pasi ya kusafiria", yaani pasipoti. Wapo wanaoamini kwamba pasi ya reli inayotaja nchi thelathini na kitu inawavusha mipaka ya nchi hizo. Haivushi. Mtanzania anayekwenda Uswisi anahitaji viza ya Schengen akiwa na pasi ya reli au akiwa hana. Tena pasi ya reli huandikwa jina la mwenyewe, kwa hiyo mkaguzi anaweza kutaka kuiona na pasipoti pamoja. Kuiacha pasipoti hotelini ni kuiacha nusu ya pasi.

Halafu kuna pasi ya milima. Kwa Kiingereza na Kijerumani, pito kati ya vilele viwili huitwa kwa neno hilohilo: Bernina, Furka, Albula. Programu ya kutafsiri ikikuandikia "Pasi ya Furka imefungwa", usikimbilie benki. Ni barabara iliyofunikwa na theluji. Treni inapita chini yake katika handaki la kilomita 15 na ushee lililofunguliwa mwaka 1982. Kabla ya hapo njia hiyo ya reli nayo ilifungwa kila majira ya baridi. Na ukikuta "skipass", hiyo ni ya lifti za wacheza ski. Usiitegemee badala ya pasi ya reli, wala pasi ya reli badala yake.

Sasa kuchagua. Kwanza ondoa isiyokuhusu: pasi ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, anayeishi Tanga hununua Eurail. Hiyo ina maana kama unavuka nchi kadhaa. Kama safari yote ni Uswisi, tazama Swiss Travel Pass, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15. Ya kawaida siku zake hufuatana; ya aina ya Flex unazichagua ndani ya mwezi mmoja. Kwa majira ya baridi Flex ina hoja nzito, maana kuna siku utashinda kijijini ukungu umeziba kila kitu, na pasi ya kufululiza inaendelea kuliwa ukiwa unakunywa chai.

Jihadhari na "siku". Siku ya pasi ya Eurail huanza saa sita usiku na kuisha saa sita usiku inayofuata. Sisi tuliozoea kwamba usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa tunaweza kujikuta tumeunguza siku mbili kwa safari moja. Kwa Eurail, treni ya usiku hula siku ya kuondoka peke yake, mradi hubadilishi treni baada ya saa sita. Kitanda hulipiwa mbali.

Kisha kuna kadi ya nusu nauli, ambayo huuzwa dirisha moja na pasi na kwa hiyo huitwa pasi. Si pasi. Haikupitishi popote, inakupunguzia nauli kwa nusu, na tiketi unaendelea kukata kila safari. Lakini mara nyingi ndiyo inayomfaa asiyesafiri kila siku. Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Andika nauli kamili za safari zako zote, ujumlishe. Tuseme kadi ni faranga 150 na pasi ni 400. Kadi hurudisha pesa yake nauli zikizidi 300, mara mbili ya bei yake. Na kadi hubaki nafuu kuliko pasi mpaka nauli zifike 500, kwa sababu 150 na nusu ya 500 ni 400 kamili. Weka bei za siku unayonunua, zinabadilika. Kwenye jumla usisahau reli za kupanda vileleni: Swiss Travel Pass inakupandisha Rigi bila kuongeza kitu, ila Gornergrat inakupa punguzo la nusu, na Jungfraujoch punguzo dogo zaidi ya hilo. Wengi huiangusha hesabu yao hapo.

Turudi kwenye kiti. Chukua njia ya reli ya Chur, Uswisi, hadi Tirano. Upana wa reli zake ni mita moja, uleule wa reli ya Usambara ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893. Hii ya Uswisi inapanda hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina, bila meno ya kusaidia kupanda katikati ya reli, kisha inateremka hadi Italia. Juu ya njia hiyo hupita treni za aina mbili. Bernina Express, yenye vioo vinavyopinda hadi darini, lazima ushike kiti na kukilipia hata kama una pasi; Glacier Express ya Zermatt hadi St. Moritz ni hivyohivyo. Treni za kawaida hupita reli hizohizo na daraja lilelile la Landwasser lenye urefu wa mita 65 kwenda juu. Hizo hazidai kushika kiti. Unapanda na pasi yako, unakaa penye nafasi, ukitaka unashuka njiani na kudaka inayofuata. Asiyelijua hilo hulipia kiti asichokihitaji, au huikosa treni aliyodhani ameilipia.

Katika baridi, panda asubuhi. Mwezi wa Desemba giza huanza kabla ya saa kumi na moja jioni, na kioo kikubwa usiku kinakuonyesha uso wako. Kama pasi iko kwenye simu, ya Eurail kwa mfano, ingiza treni na uianzishe siku hiyo kabla ya kupanda, ukiwa bado na intaneti ya stesheni. Mkaguzi akikukuta hujaianzisha, kwake huna tiketi.

Basi ukimsikia tena yule wa barazani na pasi yake ya dirishani, usimcheke. Muulize taratibu: "Ndugu yangu, pasi unayo, sawa. Na kiti umekishika wapi?"