Mchezo wa zimamoto nyumbani: mtoto ajifunze kutoka, si kuzima

Shule zikifungwa, simu za watoto kwenye namba 114, namba yetu ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji, huongezeka. Askari wa zamu akipokea anasikia pumzi, kicheko, pengine sauti ya mama kwa mbali ikisema "lete simu hiyo," kisha inakatwa. Hatuna ugomvi na watoto. Mtoto wa miaka minne au mitano anapenda king'ora, gari jekundu na helmeti, na mapenzi hayo yanafaa sana kumfundishia. Tunachowaomba wazazi na walezi wa Mtwara na Lindi ni kwamba mchezo huo mucheze naye, na mjue unamfundisha nini.

Michezo mingi ya zimamoto tunayoiona, hata kwenye baadhi ya vituo vya kulelea watoto, humpa mtoto kindoo cha maji, akamwagia "moto" wa karatasi, watu wakapiga makofi. Picha yake inapendeza kwenye simu. Ila mtoto wa umri huo hana kazi ya kuzima moto wowote, hata wa kibatari, na maji yakimwagwa kwenye mafuta ya taa au petroli inayowaka husambaza moto badala ya kuuzima. Kazi yake ni kutoka, kumwambia mkubwa, na kutorudi ndani hata kama ameacha mwanasesere.

Anzeni na kombolela, ila muigeuze. Mtoto mdogo akiogopa moto hujificha: uvunguni, nyuma ya mlango, ndani ya kabati. Askari anaweza kupita hapo hapo na asimwone kwa moshi. Basi chezeni hivi: mtoto ajifiche, wewe upige sufuria na kuita "Moto!", naye atoke mbio mpaka mahali mlipokubaliana, chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha jirani. Anayebaki amejificha ndiye aliyeshindwa. Rudieni mkianzia chumba anacholala, kisha usiku taa zikiwa zimezimwa. Kwenye nyumba ya makuti hili lisisubiri, kwa sababu paa la makuti likishika moto wakati wa upepo wa kusi hakuna nafasi ya kutafuta ndala.

Mchezo wa pili unahitaji kanga. Wakubwa wawili waishike kila mmoja upande wake, usawa wa magoti, ndiyo moshi. Mtoto atambae chini yake kufuata ukuta mpaka mlangoni. Kanga ikimgusa mgongo, anaanza upya. Mweleze kwamba moshi hupanda kwa sababu ya joto, na hewa yenye nafuu hubaki karibu na sakafu. Mtoto wa miaka mitano anaelewa vizuri, tena atawasahihisha nyinyi.

Kuhusu nguo kushika moto, wengi mnaijua: simama, lala, bingirika, mikono usoni. Ifanyieni mkekani. Lakini mfafanulieni kwamba ni kwa nguo inayowaka tu. Watoto tunaowauliza ufanye nini ukiona moto hulala na kubingirika papo hapo, jambo ambalo ndani ya nyumba inayoungua ni hatari.

Sasa korosho, maana huku kwetu somo la moto bila korosho halijakamilika. Msimu ukifika, nyumba nyingi huchoma korosho za kula au za kuuza uani, kwenye bati au karai juu ya mafiga. Ganda likipata joto hutoa mafuta, mafuta hulipuka na kurukia pembeni, na karai lote linaweza kuwaka kwa mwali mrefu kuliko mtoto aliyechuchumaa kusubiri. Mafuta hayo hubabua ngozi hata yasipokuwa na moto. Chukueni kijiti mchore duara pana ardhini kuzunguka mafiga, pana kiasi kwamba mtoto akinyoosha mkono halifikii karai hata kwa mbali. Mwiteni "mlinzi wa mstari": kazi yake ni kuwazuia wenzake na kuku wasivuke. Watoto huipenda kazi hii kupita kiasi, na itakubidi uvumilie kukemewa wewe mwenyewe ukiingiza mguu bila sababu.

Akiungua, jeraha lipoeni kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno haipozi. Mafuta ya kula hayapozi. Hili tumelisema redioni, misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya mitaa, na bado watoto wanafikishwa hospitali wakiwa wamepakwa.

Namba 114 ifundisheni kwa vizibo vya soda: kimoja, kimoja, vinne. Aichore mchangani, aiimbe. Simu ya mchezo iwe ya boksi au ndala. Msimpe simu ya kweli mkidhani haina salio, kwa sababu 114 ni bure na simu isiyo na salio hupiga. Wewe ndiye askari, naye ajibu kwa mpangilio anaoulizwa mpigaji: kinachoungua ni nini, ni mtaa gani, karibu na nini, kuna mtu ndani, nani anapiga. Asikate mpaka aambiwe akate. Tangu kazi ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, hivyo mtoto anaweza kukariri. Kama hawezi, jina la msikiti, shule au duka la karibu linatosha. Na mtu mzima mmoja asimame barabara kubwa kulipokea gari.

Mpiga simu ya uongo anatenda kosa. Shughuli zetu zinaongozwa na Sheria ya Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya 2007, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kumpa mtumishi wa umma taarifa ya uongo. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Lakini laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chako, si chake, kwa hiyo atakayetafutwa kuulizwa ni wewe. Hatusemi kwamba kila simu ya mtoto itafikishwa mbali. Tunasema laini ya dharura ikishikwa na mchezo, mwenye moto wa kweli anasubiri.

Mchezo wa mwisho ni wa watoto, lakini natamani wakubwa waucheze kwanza. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu, toboa kizibo matundu kadhaa, igeuze, mtoto ahesabu mpaka iishe. Kisha toboa matundu zaidi, mhesabu tena. Ndivyo gari letu lilivyo: hata likija na lita 5,000, mipira ikifunguliwa kwa nguvu maji huisha ndani ya dakika chache, nalo hulazimika kwenda kujaza. Wanaosimama pembeni na kupiga kelele kwamba "zimamoto wamekuja bila maji" wameliona gari likimaliza maji, si likija tupu. Afadhali wangetuonyesha kisima kilipo.

Watoto wakitaka kuliona gari lenyewe, mkuu wa shule au msimamizi wa kituo cha kulelea watoto aandike barua kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa, akitaja idadi ya watoto, umri wao, walezi watakaoongozana nao na tarehe mbili za kuchagua. Tutamvalisha askari barakoa ya kupumulia na mtungi wa hewa mbele yao, kipande kwa kipande, wasikie anavyopumua, ili wasimkimbie siku akiingia chumbani kwenye moshi. King'ora kikilia katikati ya ziara, gari litaondoka nao wataachwa na walezi wao. Waje wamevaa viatu.