Bibi anasahau: ni uzee tu?

Mzee akiuliza swali lilelile mara tano asubuhi moja, wengi husema, "Uzee huo, mwacheni." Imani hii ni ya siku nyingi, na ina chembe ya ukweli: kumbukumbu hupungua kasi kadiri umri unavyosonga. Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Kusahau funguo ni za kazi gani, au kupotea njia ya msikitini uliyoizoea miaka 40, si kawaida. Huenda ni ugonjwa wa ubongo, na wazee wengi huishi hadi mwisho bila kuupata.

Tena si kila mkanganyiko hauna tiba. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, hata dawa anazotumia mzee (sababu hii husahaulika sana) huweza kuvuruga akili. Mkanganyiko ukianza ghafla, ndani ya siku mbili tatu, shuku maambukizi ya mkojo au mapafu; mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani, mlinganishe na alivyokuwa mwaka jana, si na kijana. Andika mabadiliko kwenye daftari, na mkienda kliniki bebeni dawa zake zote, za kienyeji pia.