Okestra ya baroko, na maana ya okestra kuwa na kwao

Mwambie mzee wa Mikindani kwamba kuna okestra inakuja, naye atauliza mwimbaji ni nani na gitaa la solo anapiga nani. Hana kosa. Kwetu neno hilo lilishikwa zamani na bendi za dansi, kina Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound. Okestra ya baroko ni kitu kingine, ingawa ukiisogelea si ngeni kama jina lake linavyotisha.

Jina lenyewe linaaminika kutoka kwenye neno la Kireno barroco, yaani lulu iliyokosa mviringo, yenye vinundu. Ni Kireno kilekile kilichotuachia meza, leso na bendera. Mwanzoni lilikuwa neno la kejeli kwa sanaa iliyozidi madoido. Kejeli ikaisha, likabaki kuwa jina la kipindi: muziki wa Ulaya wa tangu mwaka 1600 hivi hadi 1750, wa kina Monteverdi, Vivaldi, Bach na Handel. Mwanakwaya wa Lindi au Masasi aliyewahi kukauka koo akifanyia mazoezi "Haleluya" ya Handel ameshaimba baroko, awe alijua au hakujua.

Okestra ya namna hii ni ndogo, mara nyingi watu kati ya 15 na 25. Aghalabu hakuna anayesimama mbele na kijiti. Anayeongoza ni mpiga fidla wa kwanza au mpiga kinanda, naye huongoza kwa kichwa na pumzi huku akipiga. Kinanda chao, harpsikodi, hakigongi nyuzi kama piano. Kinazidonoa, na zamani kidonoleo kilikuwa kipande cha unyoya wa ndege. Pembeni utaona theorbo, chombo cha ukoo mmoja na udi wa taarabu, ila shingo yake ni ndefu kuliko ya twiga. Wapigaji wa vyombo hivi viwili huandikiwa sauti ya chini tu, na tarakimu chache. Yaliyobaki wanajaza wenyewe papo hapo, kwa kusikiliza wenzao. Mpiga ngoma wa sindimba hahitaji kufafanuliwa hilo.

Kinachonifurahisha mimi ni nyuzi. Fidla za baroko hazifungwi nyuzi za chuma bali za utumbo wa kondoo. Utumbo hunywa unyevunyevu wa hewa na sauti ikayumba, kwa hiyo wapigaji hukaza na kulegeza karibu kila baada ya wimbo. Kwenye pwani kama ya Mtwara, wakati wa masika, watakoma. Lakini nani atawacheka? Ngoma zetu nazo ni ngozi ya mnyama, na kabla ya kuchezwa huoteshwa moto mpaka ngozi ikaze na mlio ukubali. Siku watakapokaa pamoja, mmoja akikokea moto na mwenziwe akisokota vigingi vya fidla, hawatakosa la kuzungumza.

Hapo ndipo inapokuja dhana ya pili, ya okestra "kujenga uhusiano na jamii". Maneno haya yamechakaa kwa kuandikwa kwenye ripoti za miradi. Mara nyingi maana yake huwa: tulikuja, tukapiga, tukapigwa picha na watoto, tukaondoka. Hiyo ni ziara. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uhusiano ni hiyo siku ya tatu.

Na baroko wenyewe ulizaliwa ukiwa na jembe mkononi. Vivaldi alianza mwaka 1703 kufundisha fidla katika nyumba ya kulelea wasichana walioachwa na wazazi wao huko Venice, na wasichana hao ndio waliokuwa okestra yake. Bach, mjini Leipzig, aliongoza kundi la wanafunzi lililopiga muziki kwenye mkahawa wa kahawa, kijiwe hasa. Handel alipotoa oratorio yake (utungo mrefu wa kwaya na okestra) ya "Messiah" kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Aprili 1742, mapato yalikwenda hospitalini na kwa wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa wasivae sketi zenye matao na wanaume waache panga nyumbani, ili ukumbi ubebe watu wengi zaidi. Kwa wakati wetu, Orchestra of the Age of Enlightenment ya London ilihamia mwaka 2020 ndani ya shule ya sekondari, Acland Burghley. Ofisi ziko huko na mazoezi yanafanyika huko, na wanafunzi wanapishana na wapiga fidla kama wanavyopishana na walimu.

Tuseme okestra kama hiyo ingetaka kuwa na kwao Mtwara au Lindi. Mlango ulio wazi zaidi ni kwaya. Na hapa kuna jambo dogo la kiufundi lenye raha yake: okestra nyingi za baroko hukaza vyombo vyao chini ya kawaida ya leo, mitetemo 415 kwa sekunde kwa noti ya A badala ya 440, yaani karibu nusu sauti chini. Kwaya zinazosoma kwa solfa hazitajali, maana do ni pale mwalimu anapoiweka. Wenye sauti ya kwanza watashukuru, zile noti za juu za "Haleluya" zitapungua ukali. Mwenye kinanda cha umeme atabonyeza kitufe cha kushusha, basi.

Mlango wa pili ni ngoma, na huo una wenyewe. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, si burudani ya kuazima vipande ukavibandika kwenye fidla. Kuna mambo yake ya jando ambayo mgeni haonyeshwi. Okestra yenye adabu itapiga hodi kwa wazee kwanza, na ikiambiwa hapana itaelewa. Mjini Mtwara kuna tamasha la MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao. Wangekwenda kukaa uwanjani kama watazamaji kwa mwaka mmoja kabla ya kuomba jukwaa.

Ratiba nayo isipangwe London. Okestra itakayotangaza semina ya wiki mbili Oktoba, watu wakiwa mashambani wanaokota korosho, itafundisha viti.