Bastola si nazi, usiitikise: dhana potofu za wanaochongesha 1911

Mteja wa wiki iliyopita alifanya yale yale. Salamu hazijaisha, ameshaichukua bastola yangu ya mfano pale mezani, kaisogeza sikioni na kuitikisa kama mtu anayechagua nazi sokoni. Ilipotoa mlio kidogo akakunja uso. "Fundi, mbona hii inacheza? Yangu nataka ibane kama mlango wa kasiki." Nimeyasikia hayo hadi nimechoka, kwa hiyo safari hii nayaandika, ili wa kesho nimpe asome kwanza ndipo tuongee.

Nazungumzia 1911, bastola aliyoichora John Moses Browning na jeshi la Marekani likaichukua mwaka huo, na wateja wa hapa Marekani, ambako mtu anaweza kuchongesha bastola kama anavyoshonesha suti. Wewe uliye Dar au Nairobi, sheria za silaha huko ni habari nyingine kabisa. Soma kwa kutaka kujua tu.

"Slaidi ikibana kwenye fremu, ndiyo bastola inalenga."

Hapana. Slaidi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapopigwa, na fremu ni mwili wa chini wenye mpini. Tazama saiti, yaani alama za kulengea, zimefungwa wapi: zote mbili ziko juu ya slaidi. Risasi inapolipuka, mtutu na slaidi vimeshikana kwa meno yaliyo juu ya mtutu, na vinaanza kurudi nyuma vikiwa kitu kimoja. Mtutu unashuka na kuachana na slaidi baada ya risasi kutoka mdomoni. Sasa niambie, kama jicho lako limezipanga saiti, na saiti ziko kwenye slaidi, na mtutu umeshikana na slaidi, fremu ina neno gani kubwa hapo? Slaidi ikicheza kidogo juu ya fremu, saiti na mtutu vinacheza pamoja, na wewe umeshazielekeza unakotaka.

Kinachotakiwa ni mtutu urudi pale pale ndani ya slaidi kila risasi inapoingia chemba (tundu la risasi kwenye mwisho wa nyuma wa mtutu). Hapo kuna sehemu tatu za kuangalia: mbele kwenye bushi (pete inayoshika mdomo wa mtutu), nyuma pale ulimi wa mtutu unapoingia kwenye slaidi, na chini pale miguu ya mtutu inapokalia pini ya kizuizi cha slaidi. Kazi yangu nyingi iko hapo, kwa tupa, wino na subira, na ndiyo unayoilipia. Haionekani kwenye picha wala haitoi sauti ukiitikisa, labda ndiyo maana hakuna anayeiulizia.

Sikatai kwamba kubana kwa slaidi kunasaidia. Mafundi wa zamani wa bastola za mashindano walizigonga reli za fremu kwa nyundo, kisha wakazisugua na slaidi kwa dawa ya kusugulia mpaka zikalala. Faida ilikuwepo, ila ndogo, na huo mkazo ndio uliokuwa wa kwanza kuisha kwa matumizi. Anayeanza bajeti yake hapo ananunua pazia kabla ya kuezeka.

Ukitaka kuikagua 1911, hakikisha ni tupu, magazini (kasha la risasi la kwenye mpini) nje na chemba umeiangalia kwa macho. Slaidi ikiwa mbele, bonyeza mtutu kwa kidole gumba kupitia dirisha la maganda. Ukishuka na kupanda kama kigae kilicholegea, hapo tuna la kuongea. Usiposogea, niachie mlio wangu.

"Lakini jeshi liliilegeza makusudi, isikwame kwa matope."

Huyu ni binamu wa yule wa kwanza, na cha ajabu mtu mmoja anaweza kuwaamini wote wawili kwa siku moja. Jeshi la Marekani lilitaka vipuri vinavyobadilishana. Vita vya pili vya dunia vilipofika, bastola hii haikutoka kampuni ya Colt peke yake. Ilitengenezwa na Ithaca, na Remington Rand waliojulikana kwa mashine za kuchapa, na hata Singer, ndiyo, Singer wa cherehani ya mama, waliotoa bastola 500 tu. Mtutu wa huyu ulitakiwa ukae kwenye slaidi ya yule bila fundi kushika tupa, na ili hilo liwezekane lazima uache mwanya. Zile zinazolia kama kopo la misumari zimepita karakana za jeshi kwa miongo, zikachanganywa vipuri, zikapigwa risasi zisizohesabika. John Moses Browning hakuzichora hivyo. Yake ilipojaribiwa Machi 1911 ilipiga risasi 6,000, na ilipopata moto ilitumbukizwa majini kisha ikaendelea. Siku hiyo ilikuwa mpya, haikuwa chakavu.

"Nitanunua vipuri bora kabisa, wewe utaviunganisha tu."

Hilo neno "tu" ndilo linalonipandisha presha. Vipuri bora vya 1911 huja na nyama ya ziada makusudi, ili vipunguzwe hadi viendane na fremu yako. Kilichoandikwa kwamba kinaingia bila kuguswa, kimeachiwa nafasi ya kuingia kila mahali, maana yake hakijakaa sawasawa popote. Mwenye orodha ya kampuni kumi na mbili huwa nampa orodha yake arudi nayo. Kwanza aniambie bastola ni ya nini: mashindano, kubeba kiunoni, au kabati? Orodha itajiandika yenyewe baada ya hapo.

".45 inamrusha mtu nyuma."

Hesabu ya shuleni inatosha. Risasi ya kawaida ya .45, yaani ya upana wa inchi 0.45, ile ya 1911 ya asili, ina gramu 15 hivi na kasi ya karibu mita 250 kwa sekunde. Msukumo huo ukiugawa kwa mtu wa kilo 70, unapata kama sentimita 5 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kobe. Tena msukumo huo huo unarudi mkononi mwa mpigaji, na yeye mbona haanguki? Risasi inaua kwa kuchana na kutoboa, haisukumi. Kwa hiyo mwenye kutaka 1911 ya milimita 9 asione haya, wala asiambiwe si halisi. Colt walishaiuza kwa risasi nyembamba zaidi, .38 Super, mwaka 1929.

"Nyundo iliyo nyuma ni hatari."

1911 hubebwa ikiwa na risasi chemba, nyundo imevutwa nyuma na kufuli imewekwa. Inatisha kuiangalia, nakubali. Lakini kufuli ya kidole gumba inazuia nyundo isiachiwe, na kufuli ya mpini haikuruhusu kufyatua mpaka mkono umeushika vizuri. Askari wa farasi ndio walioiomba ile ya kidole gumba. Kama huwezi kuibeba hivyo kwa amani, nunua bastola ya aina nyingine. Usiniombe niipunguze au niiondoe kufuli hata moja, sitafanya.

"Nifanyie kifyatulio cha pauni 2."

Hata mashindano ya kulenga shabaha ya bullseye hayakubali kifyatulio kinachovutwa kwa nguvu chini ya pauni 3.5 kwa .45, na wale ni watu wanaosimama kwa utulivu mbele ya karatasi. Bastola ya kubeba, kwangu, pauni 4 na nusu, na mjadala umefungwa.

Mtutu mfupi wa inchi 3? Browning alichora inchi 5. Ukiikata, slaidi ina safari fupi, springi inakuwa ngumu, na muda wa magazini kuinua risasi inayofuata unapungua. Inawezekana, ila usishangae ikideka.

Na magazini. Watu wanalipa mamilioni ya shilingi kwa bastola halafu wanaletea magazini ya bei ya soda, kisha simu inaniamsha: "Fundi, kazi yako inakwama." Mara nyingi ni midomo ya magazini iliyopanuka au springi iliyochoka. Nunua nzuri sita, ziandike namba kwa rangi, na kila ikikwama angalia namba. Ikiwa ni ile ile mara tatu, iponde kwa nyundo siku hiyo hiyo, kwa sababu ukiirudisha kwenye begi utaichukua tena Jumamosi.