Je, wajua: kwa nini msanii maarufu kuliko wote wa vioo aliacha kupuliza kioo mwaka 1979, na bado kazi zake zinajaza makumbusho?

Ukiingia sehemu ya mapokezi ya hoteli ya Bellagio kule Las Vegas utakuta watu wanagongana mabegi kwa sababu kila mtu anatembea anaangalia juu. Dari limejaa maua ya kioo zaidi ya 2,000, mekundu, ya bluu, ya njano, yamebanana kama soko la Kariakoo siku ya sikukuu, na uzito wake wote ni kama tani 18. Yaliwekwa 1998, na mwenye jina hapo ni Dale Chihuly, mzee wa Tacoma, jimbo la Washington, kazaliwa 1941, ukimwona humsahau manake nywele zimetimka na jicho la kushoto kalifunika na kitambaa cheusi kama nahodha wa maharamia.

Sasa Chihuly hakupuliza hata ua moja kati ya hayo. Alishaacha kukaa kwenye kiti cha mpulizaji mkuu tangu 1979, karibu miaka 20 kabla Bellagio haijafunguliwa.

Jibu fupi ni ajali. 1976 alikuwa Uingereza, gari likagonga, yeye akatoka kupitia kioo cha mbele (ndiyo, kioo, hata mi nilisoma mara mbili) na jicho la kushoto likapotea. Ukiwa na jicho moja kupima umbali kunakuwa shida, na hii ni kazi ya kushika kitu cha moto kinachoninginia kwenye ncha ya chuma. Akajikaza miaka mitatu hivi, 1979 akawa anacheza na mawimbi baharini bega likateguka, basi, akamwachia fundi wake kijana, William Morris, akae kwenye kiti, yeye akasimama pembeni akawa anaelekeza.

Ila mi naona hilo jibu ni nusu tu. Mchoraji akiumia mkono uchoraji wake si ndo umeisha? Kwa nini huyu aliumia na kazi zikawa kubwa zaidi? Hapo inabidi uelewe kioo chenyewe kinavyofanya kazi.

Kioo ni mchanga. Mchanga peke yake unataka joto la kama digrii 1,700 ndo uyeyuke, hilo ni joto la kuumiza tanuru, kwa hiyo tangu zamani watu wanauchanganya na magadi ili uyeyuke kirahisi, na ndiyo, ni ndugu wa magadi haya haya tunayotia kwenye maharage. Magadi ya Ziwa Magadi pale Kenya yanachimbwa zaidi ya miaka mia sasa na sehemu kubwa inaenda viwanda vya vioo. Afu unaongeza chokaa, bila chokaa kioo chako maji yatakilainisha taratibu mpaka kiishe. Rangi ni madini: kobalti inatoa bluu, na dhahabu, dhahabu kabisa, kidogo sana, inatoa ule wekundu wa komamanga.

Tanuru linakaa digrii kama 1,100 na zaidi, halizimwi usiku wala mchana. Fundi anachovya bomba la chuma lenye urefu wa kama mita moja na nusu, anazungusha, kioo kinajiviringisha kwenye ncha kama asali kwenye kijiti. Na kuanzia sekunde hiyo hakuna kupumzika. Ukiacha kuzungusha kinadondoka upande mmoja. Ukichelewa kinakuwa kigumu, inabidi urudi kukipasha kwenye tundu la moto, unarudi tena, mara kumi, mara ishirini. Ukipasha kupita kiasi umbo lote linalegea. Na kikipoa ghafla kinapasuka, kwa hiyo kikiisha kinaingizwa kwenye oveni ya digrii kama 480 kishushwe taratibu, kitu kidogo usiku mmoja, kikubwa siku kadhaa. Kile kioo cha darubini kubwa ya kuangalia nyota ya Palomar, California, kilichomiminwa Corning, New York, mwaka 1934 kiliachwa kipoe kwa miezi kama kumi!

Sasa hesabu mikono. Mmoja amekaa kwenye benchi anazungusha bomba na anatengeneza umbo, na anachokishika kiganjani ni gazeti lililokunjwa na kulowekwa maji, magazeti ya kawaida kabisa, moshi unatoka, karatasi inaungua kidogo kidogo lakini mkono mzima. Yeye anazungusha, nani apulize? Mwingine amechuchumaa upande wa pili wa bomba. Nani amkinge joto uso na mikono? Wa tatu, na ubao. Nani alete kipande kingine cha moto cha kubandika? Wa nne. Nani afungue mlango wa tundu? Nani apokee kazi mwisho na glavu nene aikimbize kwenye oveni? Kitu kikubwa kinafika kilo 15, 20, kwenye ncha ya chuma kirefu, jaribu kushika ndoo ya maji kwenye ncha ya mchi afu uizungushe bila kumwaga.

Arusha kuna karakana inaitwa Shanga, iko kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya mji, wanaofanya kazi pale wengi ni watu wenye ulemavu na malighafi ni chupa zilizotupwa. Nilisimama pale kuangalia, na kilichonishika zaidi ya moto ni kwamba hawaongei. Mmoja anainua kidevu, mwingine anapuliza. Anatikisa kichwa, pumzi inakata. Nikakumbuka mafundi wa jahazi wanavyoelewana kwa jicho tu wakinyoosha ubao.

Kwa hiyo kioo cha moto tangu hapo ni kazi ya kundi. Kule Murano, kisiwa cha pembeni ya Venice ambako matanuru yote ya mji yalihamishiwa kwa amri mwaka 1291 kwa kuogopa kuunguza nyumba, kundi hilo wanaliita piazza, na mkuu wake ni maestro. Siri za kazi zilikuwa za ukoo, baba kwa mwana.

Waliovuruga mambo kidogo ni Wamarekani, na mi nawapenda kwa hilo. Mwalimu mmoja wa ufinyanzi, Harvey Littleton, ambaye baba yake alikuwa mwanafizikia wa kampuni ya vioo ya Corning (na mama yake ndo aliyeoka keki kwenye chombo cha kioo cha betri kilichokatwa, jaribio lililosaidia kuzaliwa kwa Pyrex, vile vyombo vya kioo vya kuokea), alikuwa na ndoto kwamba msanii mmoja anaweza kuwa na tanuru lake dogo akafanya kazi peke yake kama mfinyanzi, bila kiwanda. Machi 1962 akakusanya watu kwenye banda la makumbusho ya Toledo, Ohio, wakayeyusha mchanganyiko wao, ukakataa kabisa. Aliyewaokoa ni Dominick Labino, mtaalamu wa kiwandani, akawaambia hebu yeyusheni hizi gololi za kioo tunazotumia kutengeneza nyuzi za fiberglass. Wakaziyeyusha, zikapulizika, na huko ndo vuguvugu lote la sanaa ya vioo la leo lilikoanzia, kwenye gololi za kiwandani.

Chihuly alikuwa mwanafunzi wa Littleton. Alishapuliza puto lake la kwanza 1965, kwenye chumba cha chini cha nyumba, kwa kipande cha bomba tu. Akamaliza masomo, akapata ufadhili, 1968 akaenda kiwanda cha Venini hapo Murano, na huko akaona kitu kinyume kabisa na alichofundishwa: watu sita, saba, mdundo mmoja, kitu kimoja. Aliporudi akabeba hilo. 1971 akaanzisha shule ya Pilchuck na wafadhili Anne na John Hauberg kwenye shamba la miti kaskazini mwa Seattle, mvua inanyesha, wanafunzi wanajijengea vibanda vya kulala. Afu 1979, mwaka ule ule wa bega, akaja Pilchuck kufundisha Lino Tagliapietra, mzaliwa wa Murano, aliyeingia tanuruni akiwa bado mtoto na kuwa maestro ana miaka 21. Nyumbani wapo waliomwona msaliti, unauza siri za kisiwa kwa wageni. Lakini bila yeye nusu ya hizi kazi nyembamba zenye mistari kama kanga tunazoziona leo zisingekuwepo.

Kwa hiyo ajali ilimkuta mtu ambaye tayari anafikiri kwa kundi. Alichofanya ni kuchora. Anamimina rangi moja kwa moja toka kwenye chupa, anapaka kwa vidole, anachafua karatasi kubwa sakafuni, timu inaangalia mchoro na kwenda kwenye moto. Na kwa sababu hashiki bomba, ana muda wa kuwaza makubwa. Maonyesho yake hayafanani na kabati la vyombo vya bibi harusi. 1995 alipeleka watu kwenye kiwanda cha Nuutajärvi, Finland, akawa anatupa vioo mtoni kuona vinaeleaje, vijana wa pale wakavikusanya kwa mitumbwi ya mbao, yeye alivyoona mitumbwi imejaa vioo akasema basi, hiyo yenyewe ni kazi, na mpaka leo mitumbwi ya vioo iko kwenye maonyesho yake mengi. Baada ya Finland wakapita Ireland na Mexico, Septemba 1996 wakaning'iniza thurea 14, yaani mapambo makubwa ya kuning'inia mfano wa taa za kifahari, juu ya mifereji na viwanja vya Venice. Miaka michache baadaye maonyesho yake kwenye ngome ya Mnara wa Daudi, Jerusalem, yaliona wageni zaidi ya milioni moja, na huko akaleta na matofali makubwa ya barafu kutoka Alaska akajenga ukuta ukayeyuka kwenye jua.

Thurea zenyewe, kwa asiyejua, hazina balbu ndani. Watu wengi wanadhani ni taa. Katikati kuna mhimili wa chuma, kila kipande kimepulizwa peke yake, kinafungwa kimoja kimoja na mafundi waliopanda jukwaa, mwanga unatoka nje kwenye taa za ukumbi. Ikihama nchi inafunguliwa kipande kipande, inapakiwa kwenye maboksi, inafungwa upya. Kuna watu ajira yao ni hiyo tu.

Na sio Chihuly peke yake. Ai Weiwei, msanii Mchina, 2022 alionyesha ndani ya kanisa la San Giorgio Maggiore, Venice, thurea nyeusi ya vipande zaidi ya 2,000: mafuvu, mifupa, utumbo, na kamera za ulinzi katikati ya mifupa. Mafundi wa karakana ya Berengo, Murano, ndo waliopuliza.

Ila anayenigusa mimi ni Fred Wilson, Mmarekani mweusi mwenye asili ya Karibi pia. 2003 aliiwakilisha Marekani kwenye maonyesho makubwa ya Venice, akapekua michoro ya kale ya mji ule akitafuta Waafrika, na walikuwepo, wapiga makasia, watumishi, wamejificha kwenye kona za picha. Afu akawaambia mafundi wa Murano wamtengenezee thurea ya kifahari ya kizamani, maua na majani yote kama kawaida, lakini nyeusi tii. Maonyesho akayaita kwa maneno ya Othello, yule jemadari mweusi wa Venice kwenye tamthilia ya Shakespeare, pale anapoomba asimuliwe kama alivyo.

Na kioo cha Venice na sisi tunajuana toka zamani, kabla ya makumbusho yoyote. Shanga nyekundu zenye kiini cheupe zilizopita Zanzibar kuingia bara na misafara zilikuwa za huko. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia hiyo kuanzia 1857, aliandika kwamba shanga hizo nyekundu, samesame, zilikuwa na majina ya utani, moja maana yake kimaliza chakula kwa sababu mtu anatoa mlo wake azipate, na lingine la kuvunja mji kwa jinsi akina mama walivyozipenda. Sasa aliyezichoma kule Murano jina lake nani? Hakuna anayejua.

Ndo hapo ubishi ulipo. Wapo wanaosema Chihuly ni tajiri anayesaini jasho la wengine. Katikati ya miaka ya 2000 alienda mahakamani kuwashtaki watu, mmoja wao alishawahi kumpulizia, kwamba wanaiga maumbo yake, na watu wakauliza hivi umbo la kioo cha moto, ambalo nusu linatengenezwa na uzito na moto wenyewe, ni mali ya nani? Kesi ziliisha kwa kuelewana nje ya mahakama kwa hiyo jibu hatukulipata. Mi naona msanifu wa majengo habebi zege na hatumwiti mwizi, lakini pia kibao cha maonyesho kina nafasi ya kutosha kuandika majina matano sita.

Ukifika Kitengela, nje ya Nairobi, ambako msanii Nani Croze alianza na vioo vya madirisha vya rangi na mwanae Anselm akajenga tanuru la kupulizia vioo vya taka, nunua glasi moja afu iinamishe uangalie chini ya kitako. Mara nyingi utapapasa kovu dogo. Hapo ndipo msaidizi alipobandika chuma chake kuishika glasi wakati mkuu anafungua mdomo wa glasi, halafu wakaigonga ikaachia. Na kwenye kazi za makumbusho, sahihi ya msanii mara nyingi inachongwa hapo hapo, pembeni ya kovu.