Doa la silingi halikuonyeshi tundu lilipo

"Fundi, shimo liko hapa hapa, juu ya hili doa." Kila masika yakianza naisikia kauli hiyo hapa Kisumu, Kondele na Mamboleo, mpaka Luanda kule Vihiga. Mwenye nyumba ananyoosha kidole kwenye silingi bodi, na kabla sijaegesha ngazi keshaniuliza kama nimebeba lami ya kuzibia.

Sijabeba. Wala shimo haliko hapo.

Maji yakipenya kwenye tundu la msumari hayaanguki wima. Hushikamana na upande wa chini wa bati, huteremka nalo mpaka yakutane na palini, ubao unaobeba bati, hufuata ubavu wa ubao huo, kisha hudondoka penye kiungo au penye ncha ya msumari mwingine usio na kosa lolote. Kati ya tundu na doa zaweza kuwa mita mbili, tatu. Basi mtafute mwizi upande wa juu wa mteremko, kuelekea kofia ya paa, lile bati la kileleni. Kule chini unajichosha bure.

Panda darini saa sita mchana, siku ya jua, bila tochi, ungoje macho yazoee giza. Tundu lililo wazi litapitisha mwanga. Usipoliona, vuta mpira wa maji. Mmoja awe juu ya paa na mwingine darini, safari hii na tochi. Anza kumwagia chini kabisa, upe kila safu dakika kadhaa, kisha upande. Wengi huanzia juu, maji yanateremka yakilowesha paa zima, na mwisho hawajui ni tundu gani lililovujisha.

Sasa hiyo lami. Jua la Kisumu huikausha ikapasuka, maji yakaingia chini yake na kukaa, kutu ikala bati mahali ambapo huoni. Fundi atakayekuja baadaye anakuta mabaka meusi kila mahali na hajui aanzie wapi. Nimewahi kubandua lami, chini yake mkawa na msumari uliotoka nusu, ukicheza kwa kidole. Tatizo lilikuwa msumari tu. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, kila siku, na ubao nao huzidi kukauka, hivyo msumari husukumwa juu kidogo kidogo huku mpira wake ukikauka na kuchanika. Ung'oe. Weka skrubu ya mabati yenye washa ya mpira, nene kuliko tundu la zamani, ukaze mpaka mpira ukae vizuri. Ukibinywa ukatokeza pembeni, umeuharibu siku ya kwanza. Skrubu ikizunguka bila kushika, palini imeoza, ibadilishwe. Na kwa mabati ya mawimbi, msumari hupigwa mgongoni. Ukipigwa kwenye bonde, maji yote ya bati yanapita juu yake.

Mengine ambayo watu huyaamini kimakosa nitayapitia haraka.

Geji ni namba ya unene wa bati, na geji 32 si nzito kuliko 28. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Muuzaji anajua hivyo. Jua na wewe.

Mawe juu ya paa hayazuii upepo. Upepo hunyanyua bati kwa kuingilia ukingoni, kwa hiyo kinachohitajika ni misumari zaidi pembezoni na kwenye kofia, na trasi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kufungwa ukutani kwa ukanda wa chuma. Jiwe linabonyeza bati, linakusanya majani yenye unyevu na kukwangua zinki inayokinga bati na kutu. Siku ya dhoruba nalo linaning'inia juu ya kichwa cha mtoto.

Rangi haiponyi kutu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, pigia praima, yaani rangi ya msingi, ndipo rangi yenyewe. Bati lililotoboka usilipake, libadilishe.

"Gata ni za wenye tangi," wanasema, yaani ile mifereji ya ukingoni mwa paa. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000, na sehemu kama Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Bila gata, maji hayo yote yanachimba kando ya msingi wako. Na gata iliyojaa majani ya mwavokado ni mbaya zaidi, maana inafurika nyuma na kuozesha fasha bodi, ubao wa ukingoni inapofungwa gata. Isafishe Februari, kabla ya mvua, paa likiwa kavu, na ukanyage kwenye mistari ya misumari tu, kwa kuwa chini yake ndipo palini ilipo.

La mwisho ni la mafundi wenzangu, wanaowaambia wateja kwamba grainda, mashine ya umeme ya kukatia chuma, inakata bati safi. Inakata haraka, sikatai. Lakini joto lake huunguza zinki ukingoni, na cheche hutua juu ya mabati mapya, zikashika kutu na kuacha madoa mekundu kabla hujahamia. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati. Ukiona grainda inapandishwa juu ya paa lako, mwite ashuke nayo.